Tathmini ya Debian 13: Mgeni Achukue Toleo Lipi, na Programu Zipi Ziende Nalo?

Kazi zote za duka langu la steshenari hapa Morogoro, yaani kuchapa barua, kupanga ripoti za wanafunzi wa vyuo, kuskani vyeti, kutengeneza kadi za harusi na kutoa nakala, sasa zinafanyika kwenye mfumo endeshi wa Debian 13. Nilianza kuuhama mfumo wa zamani mwezi ambao masasisho ya kawaida ya Windows 10 yalikoma, tarehe 14 Oktoba 2025, kwa kuwa kompyuta mpakato yangu, niliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika na yenye RAM ya GB 4, haikidhi masharti ya Windows 11. Tathmini hii nimeiandika kwa ajili ya mwenzangu anayesimama pale niliposimama mimi: ameshaamua kutumia mfumo wa chanzo huria, ameshusha au ameazima flashi, halafu anakuta matoleo mengi ya mfumo, na ndani ya kila mfumo matoleo mengi ya programu, wala hakuna wa kumweleza lipi linakaa na lipi.

Niseme wazi kwamba sikuanza na Debian 13. Nilianza na Debian 12 kwa sababu ndiyo iliyokuwamo kwenye flashi niliyoazimwa na jirani, na mfumo wenyewe ulikaa vizuri tangu siku ya kwanza. Matatizo yalianza nilipotaka programu moja ya kupangia kadi na vipeperushi ambayo nilikuwa nimeisikia ikisifiwa. Nikafungua tovuti ya watengenezaji wake, nikaona mafaili matatu yanayoishia na .deb, yaani mafaili ya kusakinishia programu kwenye Debian na jamaa zake, nikachagua lenye namba kubwa zaidi kwa kuamini kwamba kubwa ndilo bora. Lilisakinishwa bila kinyongo. Nilipolifungua, dirisha halikutokea, na kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, ukaja ujumbe kwamba GLIBC_2.38 haikupatikana. Nilitumia jioni nzima nikitafuta mahali pa kushusha hiyo GLIBC. Usiku nikafanya kosa kubwa zaidi: niliongeza ghala la programu la Ubuntu, mfumo mwingine ulio jamaa wa Debian, kwenye Debian yangu, kwa kuwa niliona programu ile imetengenezewa Ubuntu 24.04. Asubuhi apt, yaani programu ya Debian ya kusakinisha na kusasisha programu nyingine, ilikuwa inataka kuondoa eneokazi lote (madirisha na menyu) ili kuipisha maktaba moja, na sehemu ya vifurushi ilikuwa imeshabadilishwa nusu. Wateja walikaa kwenye benchi siku mbili.

Aliyenitoa pale ni kijana wa chuo anayekuja kuchapia kazi zake kwangu. Alitazama skrini kidogo, akasema, "Mama, hili faili ni la mfumo mwingine. Huo mfumo wake una maktaba mpya kuliko huu wako." Alikuwa sahihi, na sentensi yake hiyo ndiyo iliyonifundisha namna ya kuusoma mfumo huu. GLIBC ni maktaba ya msingi ya lugha ya C ambayo karibu kila programu ya Linux huiegemea. Debian 12 ina GLIBC 2.36, Ubuntu 24.04 ina 2.39, na Debian 13 ina 2.41. Programu iliyojengwa juu ya maktaba ya zamani kwa kawaida hufanya kazi kwenye maktaba mpya, lakini iliyojengwa juu ya maktaba mpya inaweza kudai vitu ambavyo maktaba ya zamani haina, na hapo hukataa kuwaka. Maktaba hiyo huwezi kuishusha peke yake na kuipachika kama kipuri cha baiskeli, kwa sababu kila kilichomo ndani ya mfumo kinaitegemea hiyo iliyopo. Kwa hiyo swali la mgeni halipaswi kuwa programu gani ina toleo jipya kuliko zote. Anachopaswa kukijua kwanza ni mfumo wake umetoka lini, na ni matoleo gani yaliyojengwa na kujaribiwa pamoja nao.

Katika hilo Debian inastahili sifa kubwa, na ndiyo sababu nimebaki nayo. Mradi huu ulioanzishwa mwaka 1993 hautoi mfumo mtupu ukuache ukihangaika na programu. Hutoa mfumo na ghala lake kwa pamoja. Takriban kila miaka miwili matoleo ya programu zote hugandishwa, makosa hurekebishwa kwa miezi kadhaa, kisha mkusanyiko mzima hutolewa kwa jina moja. Debian 12 iliitwa bookworm na ilitoka tarehe 10 Juni 2023. Debian 13 inaitwa trixie na ilitoka tarehe 9 Agosti 2025, ikiwa na vifurushi zaidi ya 69,000. (Hapa kwetu neno kifurushi limezoeleka kwa intaneti ya simu, basi katika maandishi haya kifurushi ni programu iliyofungwa tayari kusakinishwa, na ile ya simu nitaiita bando.) Vifurushi vyote hivyo vimejengwa juu ya GLIBC ileile, kwa hiyo ukichukua kilichomo ndani ya ghala hilo, ulinganifu umeshafanyiwa kazi na watu wengine kabla yako. Kinachobadilika baada ya kutolewa ni marekebisho ya usalama na ya makosa makubwa. Ndiyo maana utasikia 13.1, iliyotoka Septemba 2025, na zilizofuata. Hizo si mifumo mipya ya kukufanya ushushe upya, kwa kuwa aliyesakinisha kwa flashi ya 13.0 na kusasisha kama kawaida hufika hapohapo walipo wengine.

Mgeni atakutana pia na maneno stable, testing na unstable, yaani toleo lililokwisha kutolewa rasmi, linaloandaliwa kutolewa, na lile ambalo programu mpya huingia kwanza, na atavutwa na testing kwa sababu ndiyo yenye matoleo mapya. Kwa mashine ya kazi, achukue stable. Tena kwenye faili la maghala aandike jina trixie lenyewe badala ya neno stable, kwa sababu siku Debian 14 itakapotoka, neno stable litahamia kwake, na mtu aliyedhani anafanya sasisho la kawaida atajikuta katikati ya kuhama mfumo mzima, pengine bando likiwa limebaki MB 300.

Jambo moja lililonisaidia kuliko yote ni kujifunza kusoma namba ya toleo. Ukiandika apt policy na jina la kifurushi, unaonyeshwa toleo ulilonalo, toleo lililo tayari kusakinishwa, na ghala linakotoka. Kwenye mashine yangu LibreOffice, programu ya kuchapia nyaraka, ilisomeka 4:25.2.3-2+deb13u2, na mara ya kwanza niliiona kama namba ya siri. Sasa naisoma hivi. Namba 4 na nukta mbili mwanzoni si toleo la LibreOffice hata kidogo. Ni alama ya watunzaji wa Debian, inayowekwa ili utaratibu wa kuhesabu matoleo unapobadilika apt isidhani kuwa jipya ni la zamani. Sehemu ya katikati, 25.2.3, ndilo toleo la waundaji wenyewe. Namba 2 baada ya kistari huonyesha ni mara ya ngapi Debian wamelifungasha toleo hilo, na maneno ya mwisho yanasema kwamba hilo ni sasisho la pili lililotolewa kwa ajili ya Debian 13. Nikiona deb12 au jina la Ubuntu ndani ya namba kwenye mashine yenye Debian 13, nasimama na kuuliza kifurushi hicho kimeingiaje.

Namba hizo zilinidanganya kwa njia nyingine pia. Debian 12 ina LibreOffice 7.4 na Debian 13 ina 25.2, nami nilidhani nimeachwa nyuma matoleo kumi na nane. Kumbe mwaka 2024 waundaji wa LibreOffice walibadili hesabu yao: baada ya 7.6 ikaja 24.2, yaani mwaka 2024 mwezi wa pili. Tofauti ya kweli kati ya 7.4 na 25.2 ni ya kama miaka miwili na nusu. Katika kazi zangu inaonekana zaidi kwenye nyaraka za docx ambazo wanafunzi huja nazo kwenye flashi, zenye majedwali na namba za kurasa za Kirumi mwanzoni: kwenye 25.2 naona zinakaa mahali pake mara nyingi zaidi kuliko nilivyozoea kwenye 7.4. Kifurushi cha hunspell-sw, chenye kamusi ya kusahihisha tahajia za Kiswahili, kiko ndani ya ghala na kimeingia bila kudai kitu chochote. Kwa sisi tunaochapa Kiswahili kutwa nzima hilo si jambo dogo. Wenye umri wangu watakumbuka kwamba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004. Natamani juhudi ile ingekuwa na watu wengi zaidi wa kuiendeleza, kwa maana menyu za Kiswahili zingewaondolea wasaidizi wangu hofu kubwa.

Kwa picha na kadi, Debian 13 imekuja na GIMP 3.0, programu ya kuhariri picha, wakati Debian 12 ina 2.10, na hapa namwomba msomaji awe makini. GIMP 3.0, iliyotoka Machi 2025, ni mruko mkubwa. Nyongeza nyingi zilizoandikwa kwa ajili ya 2.10 haziwaki ndani yake mpaka ziandikwe upya, na faili la XCF, ambalo ni faili la kazi la GIMP yenyewe, lililohifadhiwa likiwa na madoido mapya ya 3.0 huweza kukataa kufunguka kwa mwenzako aliyebaki na 2.10. Nina mwenzangu aliyeko Kihonda, hapahapa Morogoro, tunayesaidiana kadi nyakati za msimu wa harusi, naye bado yuko kwenye 2.10. Tumekubaliana kwamba kinachovuka kati yetu ni PNG au PDF, na XCF inabaki kwa aliyeitengeneza. Kama mashine yako ni ya ofisi yenye watu wengi wanaopokezana mafaili, hili la GIMP peke yake ni sababu ya kutosha ya kuhama wote kwa pamoja au kubaki wote.

Kivinjari cha Firefox kina utaratibu wake. Debian hutumia tawi lake la muda mrefu, linaloitwa ESR, na hulipandisha hata ndani ya mfumo uliokwisha gandishwa, kwa kuwa kivinjari cha zamani ni hatari kwa mtu anayefungua benki na barua pepe za wateja. Mgeni asishtuke namba ikibadilika.

Ukweli ni kwamba ghala la Debian halitakupa kila toleo unalolitaka. Kwa programu chache ambazo toleo jipya ni la lazima, zipo njia mbili ambazo hazivurugi msingi wa mfumo. Ya kwanza ni ghala la trixie-backports, ambalo huchukua vifurushi vilivyoandaliwa kwa ajili ya toleo linalofuata na kuvijenga upya juu ya maktaba za Debian 13. Ukiliongeza halibadilishi chochote mpaka utaje kifurushi kwa jina. Ya pili ni Flatpak, ambayo hubeba programu pamoja na maktaba zake, hivyo GLIBC ya mfumo wako haiulizwi. Programu yangu ya kadi hatimaye niliipata kwa njia hii na inafanya kazi bila shida. Ila gharama yake isifichwe: programu ya kwanza unayoichukua kwa Flatpak huja na msingi wake wenye uzito wa mamia ya MB, na msingi huo nao hudai masasisho. Mwenye intaneti ya ofisini hataona tofauti. Anayeishi kwa bando la wiki ataiona, na ashushe usiku kama ana bando la usiku.

Kuna pia mafaili ya AppImage, ambayo watu huyapenda kwa sababu hayasakinishwi. Mengi kati yao, hasa ya zamani kidogo, yanahitaji kifurushi cha libfuse2, ambacho katika Debian 13 kinaitwa libfuse2t64. Herufi hizo za mwisho zimetokana na kazi kubwa ya kuhamishia hesabu ya saa kwenye biti 64, ili hesabu hiyo isije ikaharibika kwenye vifaa vya biti 32 mwaka 2038, na vifurushi vingi vya maktaba vimepata mkia huo. Ukifuata maelekezo yaliyoandikwa miaka mitatu iliyopita, utaambiwa kifurushi hakipo, nawe utadhani mfumo wako una hitilafu, kumbe jina tu ndilo limebadilika.

Wanafunzi wanaosoma takwimu na kompyuta hunijia na swali la namna yao. Kwa lugha za kuandikia programu na takwimu, na kwa hifadhidata ya PostgreSQL, Debian 13 ina Python 3.13, R 4.5, PHP 8.4 na PostgreSQL 17. Debian 12 ina Python 3.11, R 4.2, PHP 8.2 na PostgreSQL 15. Kama mwalimu ametoa kazi kwa kutaja toleo, mwanafunzi achague mfumo kwa kufuata hilo. Vilevile wajue kwamba tangu Debian 12 amri ya pip, inayoleta nyongeza za Python, hukataa kusakinisha moja kwa moja kwenye Python ya mfumo. Wengi huliona kama usumbufu na kulazimisha, jambo ambalo siliungi mkono hata kidogo, kwa sababu zipo programu za mfumo zinazoitegemea Python hiyohiyo, na njia ya kutenga mazingira ya kila kazi kwa python3 -m venv huchukua sekunde chache.

Kuhusu kuchagua faili la kusakinisha, jina amd64 huwachanganya walio wengi. Kompyuta yenye prosesa ya Intel ya biti 64 nayo huchukua faili la amd64, kwa kuwa jina limetokana tu na kampuni iliyobuni kwanza usanifu huo. Faili dogo, liitwalo netinst, lina uzito usiofika GB 1 lakini mengine yote hulishusha wakati wa kusakinisha. Faili la DVD-1 ni zito, zaidi ya GB 3, ila lina eneokazi na programu za kawaida ndani yake, hivyo ukilishusha mara moja mahali penye intaneti nzuri unaweza kusakinisha mashine kumi bila bando. Hilo ndilo ninaloliweka kwenye flashi ya duka. Tangu Debian 12 mafaili yasiyo huria ya firmware, ambayo kadi nyingi za Wi-Fi huyahitaji ili ziwake, yanajumuishwa kwenye kisakinishi chenyewe, na Wi-Fi yangu ilishika bila kuguswa. Kwa RAM ya GB 4 nilichagua eneokazi jepesi la Xfce 4.20 badala ya GNOME 48, na sijajuta.

Kutoka 12 kwenda 13 nilikwenda kwa kusasisha bila kufuta kitu. Niliondoa kwanza kila kifurushi cha ghala la kigeni, nikahifadhi nyaraka kwenye diski ya nje, nikabadili jina bookworm kuwa trixie, kisha nikaendesha apt upgrade na baadaye apt full-upgrade. Ilichukua saa mbili na zaidi ya GB 1 ya bando. Umeme ulikatika katikati, nami namshukuru Mungu kwamba nilikuwa nimeichaji betri mpaka mwisho. Mwenye Debian 11 asiruke moja kwa moja hadi 13. Apite kwenye 12 kwanza, kwa sababu kuruka toleo hakuungwi mkono.

Nimejaribu pia Ubuntu 24.04 na Linux Mint 22 iliyojengwa juu yake, na sitamlaumu mgeni atakayeanza na mojawapo. Matoleo ya Ubuntu husomeka kirahisi, mwaka na mwezi, na yale ya Aprili ya miaka inayogawanyika kwa mbili ndiyo ya muda mrefu. Mint nayo ina madirisha yanayomkaribisha mtu aliyetoka Windows kuliko Debian. Debian inapoteza kwangu nyota moja kati ya tano kwa sababu hiyohiyo. Ukurasa wake wa kushusha unadhani unajua tayari unachokitafuta, maelezo mazuri yamefichwa ndani ya kurasa ndefu za taarifa za toleo, na hakuna dirisha linalomwambia mgeni, kabla hajabonyeza, kwamba faili la .deb aliloshusha limejengewa mfumo mwingine. Onyo la mstari mmoja lingeniokolea siku zile mbili. Nyota nne zilizobaki nazitoa kwa moyo mweupe, kwa kuwa tangu nilipoacha kuchanganya maghala sijafunga duka hata siku moja kwa sababu ya mfumo.

Liko suala la mashine za zamani. Debian 13 haina tena kisakinishi wala kerneli, yaani kiini cha mfumo, kwa ajili ya kompyuta za biti 32 (i386), na kompyuta yangu ya mezani ya pale kwenye kaunta ni ya aina hiyo. Imebaki na Debian 12, ambayo masasisho yake ya kawaida ya usalama yanafika Juni 2026 na ya muda mrefu yanafika Juni 2028. Nimeitenga kwa kuchapa barua tu, na mafaili yake nayahifadhi kwa odt ili yafunguke kokote. Pembeni ya skrini nimebandika karatasi inayosomeka "Debian 12, i386, LibreOffice 7.4, mwisho Juni 2028", na kwenye kompyuta mpakato nimebandika nyingine inayosomeka "Debian 13, amd64, LibreOffice 25.2, mwisho Juni 2030". Msaidizi akitaka kushusha kitu chochote, anaanza kwa kusoma karatasi hiyo.